Pengo la Bei kati ya Magu na Mwanza

Kutoka Magu mjini hadi Mwanza ni kilomita kama 60 za lami, kwenye barabara kuu iendayo Musoma na mpaka wa Sirari. Tuseme leo kilo ya mchele Magu ni shilingi 2,000 na Mwanza 2,150. Kama gari, wapagazi na ushuru vinakula shilingi 150 kwa kilo, basi hilo ni soko moja, ingawa bei ni mbili. Mwanza ikipanda hadi 2,400, wachuuzi watapakia magunia asubuhi ileile. Mchele utaadimika Magu, utajaa Mwanza, na pengo litarudi pale pale. Likibaki pana, ujue kuna kitu kimekaa njiani.

Katika miaka ya 1970 pengo lilifutwa kwa amri. Serikali ya Tanzania ilipanga bei moja ya kununulia mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likabeba gharama za usafiri. Mkulima wa mbali, kama wa Rukwa, alipata nafuu ya kweli, lakini umbali haukufutika. Ulihamia kwenye hasara za shirika.

Kitu kimoja kinachoweza kukaa njiani ni kutojua bei. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alionyesha kuwa wavuvi wa Kerala, India, walikuwa wakimwaga samaki waliokosa mnunuzi wakati ufukwe wa jirani una wanunuzi wasio na samaki. Simu za mkononi zilipofika, kati ya 1997 na 2001, bei za fukwe hizo zikakaribiana mno.

Lakini simu haioni lumbesa. Mkulima anaambiwa bei ya gunia mjini, akilinganisha anaona pengo ni dogo, kumbe gunia lake limeshonewa kilemba juu na kubeba debe la ziada. Ile ziada ndiyo pengo lenyewe, na inatoka mfukoni mwake. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Mimi naamini mzani kijijini ungemsaidia mkulima wa Magu kuliko tangazo lolote la bei.

Tena, masoko kuungana si sawa na bei kuwa rahisi. Tazama sangara. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipolifungulia Ziwa Victoria soko la Ulaya, bei ya mwaloni ilianza kufuata ya huko. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo, kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu, wavuvi waliona bei ikiporomoka ufukweni. Na soko likiwa wazi, mama anayetafuta kitoweo kando ya Ghuba ya Speke anashindana na mlaji wa ng'ambo kwa samaki yuleyule. Minofu hupanda ndege. Kwa kaya nyingi za mwambao, kilichowezekana kununua ni mapanki: kichwa na mifupa inayobaki kiwandani, kisha hukaangwa.