Je, Wajua? Vyuo vya Marekani, Waandishi na Mashabiki wa Mtandaoni

Msomaji aliyezoea maafisa habari wa Simba na Yanga, ambao majina yao hutajwa kama ya wachezaji, atashangaa kusikia kwamba mwenzao wa chuo kikuu cha Marekani hapendi kuonekana. Yeye kazi yake ni kuwafanya wengine waseme anachotaka kisemwe.

Je, wajua kwamba mojawapo ya picha maarufu zaidi za michezo ya vyuo nchini humo ilipangwa na mwanafunzi? Tarehe 18 Oktoba 1924, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame iliifunga timu ya jeshi, Army, 13-7 jijini New York. George Strickler, kijana aliyemsaidia kocha Knute Rockne kuitangaza timu, alikaa jukwaani pamoja na waandishi. Wakati wa mapumziko akawafananisha wachezaji wanne wa Notre Dame na wale wapanda farasi wanne wa Ufunuo, ambao filamu yao ilikuwa imetoka miaka michache nyuma. Grantland Rice, mwandishi mkubwa wa enzi hizo, akalidaka neno na kufungulia nalo makala yake. Mwingine angeridhika hapo. Strickler akakodi farasi wanne mjini South Bend, chuo kilipo, akawapandisha vijana na jezi zao, akaita mpiga picha. Magazeti ya nchi nzima yakaichapa picha hiyo. Mwaka 1998 wanne hao wakawekwa kwenye stempu ya posta.

Je, wajua kwamba kitabu cha takwimu za timu kiliwahi kunenepa hadi kurasa 614? Kilikuwa cha Chuo Kikuu cha Missouri, mwaka 2004. Vitabu hivyo vilianza kama msaada kwa waandishi, kisha vyuo vikaona vinafaa pia kuwavutia vijana wa sekondari wenye vipaji. Kila chuo kikataka chake kiwe kinene na chenye picha za kung'aa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaweka kikomo cha kurasa 208.

Je, wajua kwamba mwandishi amewahi kutolewa uwanjani kwa sababu ya kuandika? Juni 2007, kwenye mechi ya besiboli ya Louisville, ripota wa gazeti la Courier-Journal alinyang'anywa kitambulisho kwa kurusha habari mtandaoni huku mchezo ukiendelea. NCAA ilidai kwamba kuusimulia mchezo papo hapo ni haki iliyokwisha kuuzwa kwa watangazaji. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Washington kilimkaripia mwandishi mwingine kwa kuzidisha ujumbe wa Twitter: kikomo kilikuwa 20 kwa mechi ya kikapu na 45 kwa futiboli ya Kimarekani. Shabiki aliyekaa safu ya mbele na simu yake angeweza kuandika hata 200, asiulizwe na mtu. Sheria iliyomfunga mdomo yule tu aliyesomea kazi hiyo haikuwa na maana hata siku ilipotungwa.

Lakini shabiki naye hakuachwa hivihivi. Mwaka 2009 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha NC State alifungua kundi la Facebook kumsihi John Wall, kijana wa kikapu aliyekuwa akigombewa na vyuo vingi, ajiunge nao. Chuo chake chenyewe kikamwandikia barua ya kumtaka akome, maana kanuni za NCAA zinawakataza wafuasi wa chuo kumrubuni mchezaji anayesajiliwa. Wall akaenda Kentucky, na mwaka 2010 akawa wa kwanza kuchaguliwa NBA.

Nguvu za mashabiki wa mtandaoni zinajulikana vizuri katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Tarehe 26 Novemba 2017 chuo kilikuwa kinakaribia kumwajiri kocha wa futiboli ya Kimarekani, Greg Schiano. Ghadhabu ya mtandaoni ikamwondoa siku hiyohiyo, na kabla ya wiki kuisha mkurugenzi wa michezo, John Currie, naye alikuwa amepoteza kazi. Oktoba 2022 Tennessee ilipoifunga Alabama 52-49, mashabiki waling'oa magoli wakayatupa mtoni. Kesho yake chuo kikawageukia haohao mtandaoni kuomba michango ya magoli mapya, na dola 150,000 zilizoombwa zikapatikana haraka.

Je, wajua kwamba majeraha ya wachezaji hayafichwi tena kama zamani? Makocha walizoea kuyafanya siri. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kufungua njia ya kubeti mwaka 2018, siri hizo zikawa na bei. Ligi ya vyuo ya Big Ten ilianza kutangaza mapema nani yupo na nani hayupo mwaka 2023, ligi ya SEC ikafuata 2024. Kubeti kumeleta na matusi pia: mkeka ukichanika, anayetukanwa ni mwanafunzi. Uchunguzi wa NCAA uliotolewa Oktoba 2024 ulipitia jumbe zaidi ya milioni 1.3 na kuthibitisha matusi na vitisho zaidi ya 5,000. Wasichana wa kikapu walitishwa karibu mara tatu ya wavulana. Ohio, Maryland, Vermont na Louisiana zimekwisha kupiga marufuku kubeti juu ya mchezaji mmojammoja wa chuo, na NCAA inayataka majimbo mengine yafuate.