Kigali Karibu Kuliko Dar: Mwanza Yapimwa kwa Ndege za Nje

Wakikutana wafanyabiashara wawili wa Mwanza, swali halikosi: lini tutapanda ndege hapa hapa twende nje bila kuizunguka Dar kwanza? Ahadi za majukwaani tumewaachia wenye majukwaa. Sisi tumechukua ramani, rula na matokeo ya sensa, tukaushindanisha uwanja wa ndege wa Mwanza na kila kinachopimika.

1. Mzunguko mkubwa kuliko yote

Kutoka Mwanza hadi Entebbe, mstari ulionyooka ni kilomita 280 hivi. Kigali ni 315, Kisumu 330, Bujumbura 410, Goma 420, Nairobi 460. Miji sita, nchi tano, na hakuna hata mmoja unaofika kilomita 500. Dar es Salaam je? Zaidi ya 850!

Sasa mchukue abiria anayekwenda Kampala kwa kupitia Dar. Anaruka kilomita 850 kuelekea kusini-mashariki, anasubiri, kisha anarudi kaskazini-magharibi kilomita 1,075 nyingine hadi Entebbe. Jumla inapita 1,900, karibu mara saba ya safari yenyewe. Ndege ya mapangaboi ingemfikisha kabla ya filimbi ya mapumziko ya mechi aliyoiacha ikianza katika uwanja wa Kirumba. Wa Kigali naye hana nafuu: anatembea kilomita 2,000 angani kwenda mahali palipo umbali wa 315.

Katika kipengele hiki Mwanza inachukua kombe bila mpinzani, ingawa ni kombe ambalo mshindi angependa kulirudisha.

2. Njia ndefu ya kurukia

Njia ya kuruka na kutua ndege ya Mwanza haipungui mita 3,300. Ile kuu ya Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni mita 3,000. Ndiyo, umesoma sawasawa: Mwanza inaizidi Dar. Inalizidi pia Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye mita 3,000 na sifa ya kuwa refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Lilaze daraja lote juu ya lami ya uwanja, na bado utabaki na nafasi ya viwanja viwili vya mpira na ushee. Ya Kilimanjaro ni ndefu zaidi, mita 3,600 hivi.

Ila kabla ya kupiga vigelegele, tazameni Upington, mji wa kando ya jangwa Afrika Kusini. Njia yake ina mita 4,900, moja ya ndefu kuliko zote duniani, na ilijengwa ili Boeing 747 zilizojaa mafuta ziweze kupaa kwenye joto kali. Ni ndefu kuliko ya Nairobi kwa zaidi ya mita 700. Ndege za abiria za kimataifa zinazopanga foleni pale? Hakuna foleni. Lami peke yake haiuzi tiketi.

3. Uwanja wa juu kabisa

Hewa ya juu ni nyepesi, injini na mabawa hufanya kazi kwa tabu, na ndege hudai njia ndefu zaidi. Bingwa wa dunia ni Daocheng Yading nchini China, mita 4,411 kutoka usawa wa bahari. Ukitua pale, umebakiza mita 150 hivi kukifikia kimo cha kilele cha Mlima Meru. Addis Ababa ni mita 2,334, nayo ni makao ya shirika la ndege kubwa kuliko yote Afrika. Nairobi ni 1,624. Mwanza? 1,147 tu. Anayesingizia mwinuko atafute sababu nyingine.

4. Watu wengi waliosahauliwa na ratiba

Hapa ndipo Mwanza inapotoka mbio. Sensa ya 2022 iliupa mkoa watu 3,699,872, wa pili nchini nyuma ya Dar es Salaam. Wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, zina watu 1,104,521. Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ina 1,889,773, yaani nusu ya mkoa huu, lakini ndege za Ulaya na Ghuba zinatua Unguja. Namibia, nchi kamili yenye bendera na kiti Umoja wa Mataifa, ilihesabu watu milioni 3 na kidogo mwaka 2023. Mkoa mmoja wa Wasukuma na majirani zao unaizidi!

Ongeza Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga. Jumla inapita milioni 16. Rwanda, iliyohesabu watu milioni 13.2 mwaka 2022, ina shirika lake la ndege linalofika hadi London.

Tuwe wakweli, kichwa cha mtu si tiketi. Zanzibar inajaza ndege kwa watalii wanaokuja, wenyeji ni sehemu ndogo tu. Mwanza italazimika kujaza viti kwa wachuuzi wa mitumba na vipuri, wagonjwa wanaofuata matibabu, wanafunzi, watu wa migodini na ndugu walioolewa ng'ambo ya ziwa.

5. Kizuizi kikubwa kuliko vyote

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, namba moja Afrika. Tupa ndani yake Rwanda yote (26,338) na Burundi yote (27,834). Zimezama, na nafasi iliyobaki ni 14,628, pungufu kidogo tu ya Hifadhi ya Serengeti nzima yenye 14,763. Meli mpya ya MV Mwanza inabeba watu 1,200, sawa na Dash 8 kumi na sita za Air Tanzania kwa mpigo, lakini kwa mwenye haraka maji hayo yote ni ukuta.

6. Viti vichache vinavyotosha

Hiki ndicho kipengele nikipendacho. Dash 8 ya Air Tanzania ina viti 76, basi moja la mkoani na watu wachache wa ziada. Irushe kila siku kwenda Nairobi kwa mwaka mzima, ijae pomoni: abiria 27,740. Uwanja wa CCM Kirumba unachukua 35,000. Maana yake, watu wanaoweza kuangalia mechi moja wanatosha kujaza njia ya kimataifa kwa siku 365, na Kirumba bado ina viti vitupu 7,000!

Dreamliner je, kwenda Dubai? Viti 262, mara tatu kwa wiki, inadai watu 40,872 kwa mwaka. Kirumba imejaa na wengine karibu 6,000 wako nje ya geti. Dubai iko umbali wa kilomita 3,900, na kiti kitupu cha safari hiyo ni hasara nzito. Wanaoota kuanza na Dreamliner wanataka kuvuka ziwa kwa hatua moja.

7. Mzigo mzito, na mzigo wa thamani

Sangara hufikia kilo 200, uzito wa watu wazima watatu, na minofu yake huliwa Ulaya. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imepakiwa kwenye malori yenye barafu ikapande ndege nchi jirani. Boeing 767 ya mizigo ya Air Tanzania hubeba tani 54, karibu semitrela mbili, kwa safari moja. Upande wa dhahabu, kiwanda cha kusafisha cha Mwanza kilichozinduliwa 2021 kilijengwa kwa uwezo wa kilo 480 kwa siku. Uzito huo ni karibu mabegi 21 ya abiria, kila moja la kilo 23. Mabegi hayo nani angeyaacha uwanjani?

8. Hifadhi ndogo, hifadhi ya nyumbu

Watalii nao wana la kufuata Mwanza. Kisiwa cha Saanane, kilomita za mraba 2.18, ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, na inaonekana ukiwa mjini. Lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya Musoma, saa mbili hivi kwa gari. Nyumbu wake ni kiasi cha milioni 1.3: kila mkazi wa jiji angepata wake.

9. Medali

Kwa safari ya kwanza ya nje, dhahabu naipa Nairobi, kwa sababu anayeshuka pale anaunganisha kwenda mabara mengine. Fedha ni Entebbe, shaba Kigali. Dubai ikae benchi. Lakini hata Nairobi haiji bila jengo la abiria linalofaa, dawati la uhamiaji na forodha linalofanya kazi kila siku, na nauli ambayo mchuuzi wa soko la Makoroboi hatailinganisha na basi la kupitia mpaka wa Sirari akacheka. Mashirika ya ndege, hesabu ndiyo hiyo: watu 76 kwa siku. Njooni mjaribu.