Kesi za Mtungi na Kesi za Kituo

Jioni ya Muyinga huanza kwa adhana na kuishia barazani, ambako Kirundi na Kiswahili huchanganyika kinywani mwa mtu mmoja. Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi tangu 2019, wenyeji huzunguka mtungi wa impeke, pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Mtu wa Ngara aliyevuka Kobero kuja harusini hadumu kuwa mgeni, maana Kihangaza na Kirundi husikilizana.

Palipo na watu hapakosi ugomvi. Mbuzi aliyekula maharage, mpaka wa shamba, deni dogo: hayo tangu enzi za wafalme hupelekwa kwa bashingantahe, wazee walioapishwa hadharani. Husikiliza pande zote. Aliyekosa hutoa pombe, wagomvi wakanywa pamoja mbele ya mashahidi. Sisi polisi tunauheshimu utaratibu huo, na kusema kweli hutupunguzia kazi.

Lakini jeraha, kipigo cha mke na ubakaji si kesi za mtungi. Binti aliyebakwa hapatanishwi kwa pombe waliyoinywa wengine. Apelekwe hospitali kwanza, kabla ya kuoga wala kufua nguo, kwani dawa ya kuzuia VVU hufaa ndani ya saa 72 tu. Kisha tuarifiwe. Mzee anayemsindikiza hadi kituoni hajavunja desturi yoyote. Na mtuhumiwa akiwa amekwisha kuvuka, msikate tamaa: Kobero na Kabanga, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja.