Maji ya Mutuini na mshale tuliousahau

Juma lililopita mtoto wa jirani yangu hapa Mutuini alibisha hodi akiwa na daftari la sayansi mkononi. Mwalimu wake alikuwa amewaagiza wanafunzi wachore mzunguko wa maji. Alikuwa amechora jua, bahari, wingu, mlima na mto, kisha akaviunganisha kwa mishale: wa mvuke kupanda, wa wingu kusafiri, wa mvua kuanguka na wa mto kurudi baharini. Mchoro ulikuwa safi, lakini swali lake sikuweza kulijibu kwa haraka: "Mwalimu, bahari iko Mombasa. Sasa sisi wa Mutuini tuko wapi kwenye picha hii?"

Kazi yangu ni kufundisha isimu, si elimu ya hali ya hewa. Basi na niruhusiwe kuanza kwa maneno. Tunasema jicho na macho, jino na meno, lakini neno maji halina mwenziwe wa umoja. Lugha yetu haikuona namna ya kukata kipande kimoja cha maji ikakipa jina. Aidha, Mgikuyu wa Mutuini asemaye mbura na Mswahili wa Malindi asemaye mvua wanatamka neno moja, walilolirithi kutoka kwa mababu wale wale wa Kibantu. Wala hawashiriki neno pekee. Wanashiriki maji yenyewe.

Hebu tuyafuate maji hayo. Takriban asilimia 97 ya maji yote ya dunia yamo baharini. Jua hulipasha joto tabaka la juu la Bahari ya Hindi, maji yakageuka mvuke na kupaa, chumvi ikabaki nyuma. Pepo huusukuma mvuke huo kuelekea bara. Kadiri unavyopanda nyanda za juu ndivyo unavyopoa, ukashikamana na chembe ndogo ndogo za vumbi na chumvi zilizomo hewani, yakatokea mawingu. Kwa wastani, tone la maji hukaa angani kwa muda wa siku 9 hivi kabla ya kuanguka tena. Msimu wa masika, ambao wenyeji wa huku huuita wa njahi, na ule wa vuli, ambao huuita wa mwere, yote miwili hutegemea sana safari hiyo.

Kurudi nako kuna njia yake. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, si mbali na hapa, ukalipita jiji lililopewa jina na Wamaasai kwa sababu ya maji yake baridi. Hujiunga na Athi, nao Athi ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, hadi unapoingia baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Malindi aonapo bahari imegeuka rangi ya kahawia wakati wa mvua, anautazama udongo wa bara. Hilo lilikuwa nusu ya jibu langu kwa mtoto yule.

Nusu ya pili ni mshale ambao hakuuchora, na ambao sisi watu wazima tumeusahau zaidi yake. Ni ule wa kwenda chini. Si kila tone la mvua hukimbilia mtoni. Mengine hupenya udongoni polepole, yakajaza nafasi zilizomo kati ya mawe, kisha yakatokea kwingine kama chemchemi, baada ya miezi au hata miaka. Hayo ndiyo yanayoufanya mto uendelee kutiririka wakati wa kiangazi, na ndiyo yanayokutwa na mwenye kuchimba kisima. Mengine hunywewa na mizizi ya miti, yakarudishwa angani kupitia majani. Udongo mwekundu wa huku magharibi ya jiji hunywa maji vizuri, tofauti na ule mweusi wa mashariki ambao huyatuamisha. Kwa hiyo Mutuini si mtazamaji katika picha ile. Mahali kama hapa ndipo ardhi inapoweka akiba yake.

Nayo akiba hiyo tunaizuia isiwekwe. Palipokuwa na mashamba ya mahindi, sukuma wiki na nyasi za ng'ombe, leo pana nyumba za kupanga, mabati, lami na nyua zilizosakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Simlaumu mwenye ploti. Ardhi imegawanywa baina ya watoto na wajukuu, na watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini mvua haijui shida zetu. Ikikosa pa kupenya, hukimbia. Ndiyo maana mtu wa kwetu anaweza kufagia maji ya mafuriko mlangoni asubuhi, na jioni akamngoja mwuza maji mwenye mkokoteni amletee mitungi.

Wanaoishi mabondeni hulipa zaidi. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini, na jijini Nairobi vitongoji vya Mathare na Mukuru vilikuwa miongoni mwa vilivyoumia sana. Mito iliyofurika haikuzaliwa kule ilikoua. Sehemu ya maji yake huanguka juu ya mapaa ya watu wa huku juu, ambao usiku kama huo hulala wakavu.

Yuko atakayesema kwamba kosa ni la mataifa tajiri yaliyoichafua anga. Hajakosea. Kila joto linapoongezeka kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na mvua inaponyesha huweza kuja kwa kishindo kikubwa zaidi. Lakini mshale wa kupanda ukiwa mikononi mwa walimwengu wote, ule wa kwenda chini umo mikononi mwetu wenyewe.

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mwanasayansi atacheka, kwa kuwa jua huyazoa kila siku. Naam, huyazoa, lakini halijamwahidi yeyote kwamba litayarudisha pale yalipomwagika. Huenda yakaanguka katikati ya bahari. Methali ingali kweli kwa mwenye kisima kilichokauka.

Tufanyeje basi? Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, mvua ya milimita 25 ikilinyeshea, humwaga lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Mwenye nyumba na aweke mfereji na tangi, na yanayozidi ayaelekeze katika shimo lililojazwa kokoto ili yapenye ardhini. Aache sehemu ya ua bila saruji na kupanda miti. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kati ya mita 6 na 30. Maafisa wanaoidhinisha ramani za majengo nao wamwulize kila mjenzi swali moja kabla ya kugonga muhuri: maji ya paa hili yatakwenda wapi? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kuachiwa mabwawa ya mbali kama Ndakaini peke yake, ilhali tunayafukuza yale yanayotuangukia utosini.

Mtoto yule nilimpa kalamu. Akachora nyumba, akaandika Mutuini juu yake, kisha akachora mshale mwekundu kutoka paani hadi chini ya udongo. Halafu akatazama nje, kwenye ua wetu uliosakafiwa wote, akaniuliza mshale huo utapitia wapi. Sikuwa na jibu. Jumamosi hii nitaazima sururu.