Filamu si badala ya riwaya

Katika shule za upili za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini, wanafunzi wamezoea kutazama vitabu vya kutahiniwa vikiigizwa kabla ya KCSE. Tatizo huzuka mtahiniwa anapojibu swali kwa kutegemea alichokiona, wala si alichokisoma.

Mfano mzuri, ingawa si kitabu cha kutahiniwa, ni The Constant Gardener, riwaya ya John le Carré ya 2001. Fernando Meirelles aliiongoza filamu yake ya 2005, iliyopigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani. Riwaya huanza Sandy Woodrow, afisa wa ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, akipokea habari za kifo cha Tessa. Hivyo, msomaji humjua marehemu kwanza kupitia macho ya mwanamume anayemtamani, ilhali ni mke wa mwenzake kazini, Justin. Filamu hutanguliza wanandoa hao wakiagana. Tunawapenda kabla ya kushuku lolote.

Aliyepunjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Ghita Pearson. Kitabuni husafiri hadi Lokichoggio kufuata nyayo za rafikiye Tessa. Katika filamu ni mhusika wa pembeni tu. Nao wapelelezi Rob na Lesley, ambao maswali yao humbana Woodrow, hawamo kabisa.