Simbilisi Akiugua Uingereza: Unalipia Nini Hasa?

Simbilisi wa dukani nchini Uingereza huuzwa pauni 30 au 40. Ukimpeleka kwa daktari wa wanyama, bei hiyo inapitwa kabla hajaandikiwa dawa yoyote, kwa sababu kumwona daktari peke yake mara nyingi ni pauni 40 hadi 60, na aliyebobea kwa wanyama wadogo wasio mbwa wala paka hudai zaidi. Wazazi Waswahili waliowanunulia watoto wanyama hawa huko Leicester, Reading au London hukutana na hesabu hii siku wasiyoitarajia, na wengi huanza kwa kulinganisha bili na bei ya mnyama mwingine. Hesabu hiyo ni nyepesi lakini haimsaidii mtu. Mtoto haikubali, na sheria nayo haiitambui: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamtaka mwenye mnyama amkinge na maumivu na maradhi, awe farasi au simbilisi. Haikulazimishi kulipia upasuaji. Inakukataza kumwacha ateseke wakati wewe bado unafikiri.

Njia za halali basi ni tatu: kumtibu, kumtuliza maumivu kwa muda aliobakiza, au kumpumzisha kwa sindano. Ya nne, ya kungoja tuone, ndiyo inayochukuliwa na wengi, na ndiyo inayokula pesa kuliko zote.

Sababu iko tumboni. Utumbo wa simbilisi haujui kufunga. Umeumbwa upokee nyasi mchana na usiku, na akikaa nusu siku bila kula unaanza kulegea na kujaa gesi. Ikifika siku nzima hiyo ni dharura. Tena huyu ni mnyama wa kuwindwa, na ugonjwa anauficha mpaka aishiwe nguvu. Ijumaa usiku friji inafunguliwa, mfuko wa mboga unachakarika, na yeye hapigi ile miluzi yake. Watu wanasema tutampeleka Jumatatu. Jumapili alasiri wako kwenye kliniki ya dharura, ambako ada ya kufungua faili tu huweza kuvuka pauni 200, na mnyama aliyefikishwa hapo ana nafasi ndogo kuliko ambayo angekuwa nayo Ijumaa.

Kifaa cha kuzuia hayo ni mizani ya jikoni, ile ya kidijitali ya kupimia unga. Weka bakuli, bonyeza isome sifuri, mtie mnyama, andika gramu. Mara moja kwa wiki akiwa mzima, kila siku akiwa mgonjwa. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Aliyekuwa 1,000 akasoma 900 apigiwe simu daktari siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Na kabla ya yote, fungeni kabati la dawa. Nyumba zetu nyingi hubakiza amoksilini ya mtoto nusu chupa. Simbilisi akinyweshwa amoksilini, au ndugu zake wa ukoo wa penisilini, bakteria wanaomsagia chakula hufa, wabaya wanashika nafasi, na mara nyingi naye anakufa baada ya siku chache. Hapa kubana matumizi kunaua.

Tuje kwenye matibabu yenyewe, maana si kila pauni inanunua kitu kile kile.

Nimonia ikiwahiwa ni miongoni mwa bili zenye nafuu: kumwona daktari, antibiotiki inayomfaa, pengine oksijeni. Aliyelishwa vizuri ana nafasi ya kweli. Kiseyeye nacho ni rahisi. Kama sisi binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mgonjwa huhitaji zaidi. Kipande cha pilipili hoho kila siku kingeiepusha bili nzima.

Meno ndiyo yanayowachanganya watu. Anayedondosha chakula, kidevu kimelowa mate na kinanuka, wenyewe hutazama meno ya mbele na kuomba yakatwe. Ugonjwa mara nyingi uko nyuma, kwenye magego, ambayo hayaachi kukua na yanaweza kukutana juu ya ulimi kama daraja, ukashindwa kusogea. Kuyasawazisha huhitaji nusukaputi na mkono wa mtu anayeijua kazi hiyo, na ni pauni mia na kitu hadi mia kadhaa kwa kila safari. Neno la kulichunga ni hilo, “kila safari”. Mizizi ikishapinda, kazi hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, maisha yote. Kwa hiyo usiulize “ni shilingi ngapi?” peke yake. Uliza: hii ni ya mara moja au ni ya kila mwezi? Daktari mkweli atakujibu akishapiga picha ya eksirei ya taya, na kwa maoni yangu picha hiyo ina thamani kuliko upasuaji wa kwanza unaofanywa kwa kubahatisha.

Kijiwe cha kibofu kiko kati. Kuna majike wanaopitisha vijiwe vidogo wenyewe. Kwa madume na kwa vijiwe vikubwa ni kisu, na bili huelekea pauni mia kadhaa au zaidi. Vikishatolewa hupenda kurudi. Uvimbe wa majimaji kwenye ovari, unaowapata majike wengi wa makamo, una bei mbili zilizoachana mbali: kunyonya maji kwa sindano ni nafuu ila hujaa tena, kutoa ovari ni ghali na humaliza tatizo. Kwa jike wa miaka mitatu mwenye nguvu ningelipia la pili. Kwa wa miaka sita, nisingelipia. Simbilisi wengi huishi miaka mitano hadi minane, na hesabu ya upasuaji lazima ianze na ile iliyobaki.

Ipo namba moja ambayo haiandikwi kwenye makadirio ya bei. Utafiti mkubwa wa kliniki za Uingereza uliochapishwa 2008 uliona kwamba simbilisi karibu 4 kati ya 100 hufa kwenye nusukaputi au ndani ya siku mbili zinazofuata, wazima na wagonjwa pamoja. Kwa mbwa ilikuwa chini ya 1 kati ya 500. Si hoja ya kukataa upasuaji wote, ila mwenye kulipa ana haki ya kuijua kabla ya kutia saini.

Kumtunza nyumbani kunaonekana bure mpaka uhesabu saa. Mgonjwa asiyekula hulishwa uji kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kidogo kidogo kutoka pembeni mwa mdomo, kila saa mbili hadi nne, usiku ukiwemo. Pakiti ya unga maalumu wa kulishia ni kama pauni 10. Chakula chake cha kawaida kilicholowekwa kwenye maji ya moto mpaka kikawa laini kinaweza kushika zamu kikiwa ndicho kilichopo. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku na ana watoto wa kuwahi shule ajiulize nani ataamka saa tisa za usiku. Hakuna aibu kusema hakuna. Ila basi aseme mapema, maana upasuaji wa pauni 600 usio na wa kumlisha mgonjwa baadaye umetupwa jalalani.

Kuhusu kulipa. Bili ya daktari wa wanyama Uingereza ina VAT ya asilimia 20, kwa hiyo ukipewa bei kwa simu uliza kama imo. Usifikiri kliniki tatu za mtaa mmoja ni washindani watatu: mamlaka ya ushindani wa kibiashara ilieleza 2024 kwamba karibu asilimia 60 ya kliniki ni mali ya makampuni makubwa, kutoka kama asilimia 10 mwaka 2013. Uliza kliniki ni ya nani. Dawa ya maumivu ya muda mrefu, kama meloksikam, unaweza kuandikiwa karatasi ukainunue kwingine. Kuna ada ya kuandika, hivyo kwa dozi ya siku tano haifai, kwa ya miezi inafaa. Anayepokea misaada fulani ya serikali ajaribu PDSA, shirika lililoanzishwa 1917 kutibu wanyama wa wasiojiweza, akiuliza kwanza kama tawi lake linapokea simbilisi.

Bima ipo, lakini kwa mnyama huyu mimi nachagua kibubu. Bima haigusi ugonjwa uliokwishaanza, hukata sehemu ya kwanza ya kila dai, na wengine hukataa wazee. Pauni 10 kila mwezi kwa miaka mitatu ni 360, na simbilisi akifa usingizini zinabaki zako. Kasoro yake ni ugonjwa wa mwezi wa pili, na hapo bima ingeshinda.

Kiasi cha juu kipangwe mnyama akiwa mzima, watu wazima wa nyumba wakikaa pamoja. Shangazi zetu wa Njombe na Iringa, ambako simbilisi hukimbia kati ya mafiga na kuishia chunguni, wakisikia pauni 600 hucheka hadi machozi. “Mwanangu, kitoweo hicho unakilaza hospitali?” Sioni sababu ya kuwabishia. Yule wa Njombe hufa kwa sekunde chache. Wa Leicester aliyeachwa siku nne bila kula kwa sababu wenyewe wanaona haya kutamka kifo, amepata kifo kibaya zaidi.

Sindano ya kumpumzisha ni miongoni mwa huduma za bei ndogo kwenye kliniki, mara nyingi makumi ya pauni. Daktari akija nyumbani bei hupanda sana. Swali la lazima ni hili: atalazwa kwanza kwa gesi au dawa ya usingizi? Mishipa yake ni midogo, na dawa ya mwisho mara nyingi huchomwa tumboni au kwenye kiungo cha ndani. Hiyo ifanyike akiwa hajitambui. Wasiofafanua hatua hiyo, tafuta wengine. Njia za nyumbani, kama friji la barafu au ndoo ya maji, ni ukatili na zinaweza kukufikisha mahakamani.

Lini? Aliyetulizwa maumivu bado hali mwenyewe, gramu zinashuka kila asubuhi, amekaa kona manyoya yamesimama na mwenzake hamjali: siku hiyo imefika, hata kibubu kikiwa kimejaa. Mtoto aambiwe ukweli kwa neno lenyewe, kwamba atakufa na hataumia. Ukimwambia anaenda kulala, utakuwa na kazi nyingine usiku.

Kumzika kwenye bustani yako ni bure. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba, na shimo liwe refu, kwani dawa iliyobaki mwilini inaweza kumuua mbweha au mbwa atakayemfukua. Kuchomwa pamoja na wengine kupitia kliniki ni nafuu. Kuchomwa peke yake na kurudishiwa majivu mara nyingi kunazidi bei ya sindano yenyewe.

Halafu kuna aliyebaki. Simbilisi haishi peke yake vizuri, na Uswisi tangu 2008 imekataza kumfuga mmoja. Mwache aunuse mwili wa mwenzake kabla haujaondolewa. Ukinunua mdogo ili kumliwaza mzee, umejifunga miaka mingine mitano au minane, na mzee akifa unarudi pale pale. Anayetaka kufikia mwisho wa kufuga aulize kwenye makazi ya wanyama waliookolewa: mengine huazimisha mwenza, na humpokea tena mzee akishaondoka. Kabla ya kutia saini, soma kipengele cha daktari, uone kama bili za huyo wa kuazima ni zako au zao.