Asiyekuwapo na Lake Halipo

Ndugu Wanachama,

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni habari za mikarafuu, mizani na majamvi, leo unaleta habari za mkutano wa barabara uliofanyika Katonga, katika pwani ya Ziwa Tanganyika, mbali sana na visiwa vyetu. Twaomba mvumilie kidogo. Tulikuwa tumekwenda Ujiji kuwatazama jamaa, na siku moja mwenyeji wetu, ambaye ni mvuvi, akatualika tufuatane naye kwenye mkutano wa mtaa. Tulikwenda kama watu wanaopitisha wakati tu. Tulirudi na fundisho ambalo twaona si haki kulifungia sandukuni.

Katonga ni mwalo wa wavuvi, si mbali na mji wa Kigoma. Mitumbwi hutoka usiku na taa zake, na asubuhi hurudi na dagaa na migebuka. Dagaa wakishapokewa huanikwa juani na akina mama. Mtu wa karafuu akiiona kazi ile hana haja ya kufasiriwa. Kuanika, kugeuza, kutazama mawingu, na kupiga mbio kuanua mvua inapotisha: ni kazi ile ile tunayoifanya sisi juu ya majamvi. Dagaa wakinyeshewa huoza. Karafuu ikinyeshewa hupoteza rangi yake, ikashushwa daraja. Na baada ya kukauka, vyote viwili vyahitaji njia ya kufika sokoni.

Mkutano ulikuwa wa kuzungumza juu ya njia iteremkayo mwaloni. Watu walikaa chini ya mwembe, wanaume upande mmoja na akina mama upande mwingine juu ya khanga zao. Mwenyekiti wa mtaa alifungua mkutano, kisha akamkaribisha kijana mmoja mhandisi, naye akaitandaza ramani yake mezani. Alieleza upana wa njia, kifusi kitakachomwagwa na mifereji ya maji ya mvua. Alieleza vizuri, wala hakuwa na kiburi. Alipouliza kama kuna swali, wanaume wawili watatu wakasimama. Mmoja aliuliza kazi itaanza lini. Mwingine aliuliza kama vijana wa pale watapata vibarua. Majibu yakatolewa, na ikaonekana kuwa shughuli imekwisha.

Hapo akasimama mama mmoja mtu mzima, muuza dagaa.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mimi ramani sijui kuisoma. Nauliza tu, maji ya mfereji huu yatamwagikia wapi?"

Mhandisi akaweka ncha ya kalamu juu ya karatasi. Yule mama akasogea, akauliza upande ulipo ule mwembe, na upande ulipo msikiti, hata akaielewa ile karatasi.

"Hapo ulipoweka kalamu, mwanangu, ndipo tunapoanika dagaa."

Mhandisi alistaajabu. Akasema kuwa siku walipokuja kupima, pwani ile ilikuwa tupu kabisa, hapana dagaa wala mtu.

"Mlikuja wakati wa mbalamwezi," mama akamjibu. "Mbalamwezi hatuvui."

Watu wakacheka, na mhandisi naye akacheka, lakini akachukua daftari lake akaandika. Ni kweli iliyo wazi kwa kila mtoto wa Katonga. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, basi wavuvi hupumzika. Mtu wa ofisini angeijuaje? Alipima kwa haki alichokiona. Angefika siku kumi baadaye angekuta pwani imeng'ara kama fedha. Mkutano ulipovunjika aliteremka mwaloni pamoja na yule mama na wavuvi wawili, na katibu wa mtaa akaliandika neno lile katika muhtasari. Hatusemi kuwa mfereji umekwisha kuhamishwa. Mhandisi aliahidi kuirudia ramani, hakuahidi zaidi. Tunachosema ni kuwa lau mama yule angebaki nyumbani siku ile, ramani ingeondoka Katonga na kosa lake, wala hapana ambaye angelijua mpaka masika.

Ndugu zetu, njia za nchi ile zina historia ndefu ya kupangwa na watu wa mbali. Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani kwa jumla kufuata pembe za ndovu na watu. Wengi waliotekwa katika nchi za bara, na khasa Manyema ng'ambo ya ziwa, waliletwa pwani kwa minyororo, na jasho la watumwa ndilo lililopanda na kuchuma mashamba ya kwanza ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa Visiwani. Hatuitaji habari hii ili kumtia mtu haya. Twaitaja kwa sababu hapana mtu mwenye haki zaidi ya kukumbuka ubaya wa njia isiyowauliza wanaoipita kuliko sisi tunaokula matunda ya mti huu.

Baadaye ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika ziwani. Lakini haikuishia Ujiji, mji uliokuwa maarufu. Iliishia Kigoma, penye bandari yenye kina kizuri. Kwa neno hilo moja, mji mmoja ukapanda na mwingine ukabaki nyuma, na mpaka leo watu huiita Kigoma "mwisho wa reli".

Sasa reli nyingine yaelekea huko. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022 na kampuni za Kichina, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa kiasi cha dola milioni 696 kwa Tanzania na Burundi, kwa ajili ya kipande hicho na tawi litokalo Uvinza kwenda Musongati. Kwa upande wa Tanzania fedha hizo ni mikopo na dhamana. Mkopo hulipwa, na walipaji ni mvuvi, mkulima na mwenye duka. Hali kadhalika barabara ndogo. Mwaka 2021 Serikali ya Muungano iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini Tanzania Bara. Visiwani kwetu pia mfuko wa barabara hupata sehemu ya fedha zake kutokana na mafuta. Basi anayepanda gari kupeleka gunia lake kituoni amekwisha kuchangia barabara kabla hajaiona.

Na mwenye kuchangia ana haki ya kusema. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na nchi yake. Sheria ya Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yataka wananchi washirikishwe miradi mikubwa inapopimwa athari zake. Lakini haki ni kama jamvi lililokunjwa: halimfai mtu mpaka alitandike.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika shehia moja ambayo hatutaitaja, wananchi waliitwa kwenye mkutano juu ya barabara ya mashambani. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Wanachama wetu waliohudhuria hawakuzidi watatu, na sisi katibu hatukuwamo, kwa kuwa tulijiona tuna shughuli. Barabara ilijengwa, na ni nzuri. Lakini mchepuko uendao kwenye sakafu ya kuanikia haukutiwa katika hesabu, kwa sababu hapana aliyeutaja. Msimu uliofuata gari lilisimama barabarani, magunia yakabebwa vichwani, na mvua ikayakuta njiani. Tulilalamika sana siku ile. Tulimlalamikia kila mtu isipokuwa nafsi zetu.

Basi, ndugu wanachama, sheha atakapotangaza mkutano wa barabara, bandari au nauli, twaomba mfanye haya.

Kwanza, kila kikundi cha mashamba kitoe watu wasiopungua wawili, hata ikiwa msimu umewaka. Mmoja awe mwanamke, maana waanikaji wengi ni wanawake, na mambo ya sakafuni wao ndio wayajuao.

Pili, mtu asione haya kutojua kusoma ramani. Aulize mwembe uko wapi, kisima kiko wapi, na maji yatakwenda wapi.

Tatu, aulize fedha zimetoka wapi, na nani atakayeitengeneza njia baada ya mvua ya kwanza.

Nne, ikiwa njia itapita shambani, aulize habari ya fidia kabla ya shoka. Visiwani kwetu ardhi yaweza kuwa ya mmoja na miti ikawa ya mwingine, basi wote wawili wawepo. Mkumbusheni mpimaji kuwa mkarafuu hauanzi kuzaa ila baada ya miaka sita au saba, kisha huwalisha watoto na wajukuu. Mti mmoja si kuni.

Tano, kabla ya kuondoka, hakikisheni neno lenu limeandikwa katika muhtasari. Neno lisiloandikwa hupotea pamoja na vumbi la gari la wageni.

Orodha ya watakaokwenda kwa niaba ya kila kikundi iletwe kwetu kabla ya mkutano mkuu wa chama. Jina la katibu wenu limekwisha kuandikwa juu ya zote. Wazee walikwisha kusema kuwa asiyekuwapo na lake halipo, na yule mama wa Katonga aliacha dagaa wake juani nusu siku ili lake liwepo.

Wassalaam,
Katibu wa Chama